Ketamini au lidokeini kwa maumivu ya neva: dripu ipi uanze nayo na ujiandae vipi

Wifi yangu yuko Houston. Wiki iliyopita kliniki ya maumivu wamemwambia vidonge vimefika mwisho, sasa wanataka wamjaribishe dripu, na ziko mbili, ketamini au lidokeini, aende nyumbani akafikirie arudi na jibu ndani ya wiki mbili. Kanipigia saa tano usiku analia. Sindano haogopi huyu, kazaa watoto watatu, analia mana hajui anachagua nini, kapewa karatasi mbili za maandishi madogo akaulizwa una swali lolote, sa mtu anaulizaje swali la kitu ambacho ndo kwanza anakisikia.

Mimi nimepitia zote mbili. Kwahiyo naandika hapa yote niliyomwambia usiku ule na yale niliyosahau, mana najua hayuko peke yake, ndugu zetu wengi huku Marekani wana sukari iliyokula neva za miguu, wengine mkanda wa jeshi umepona ngozi ukaacha moto ndani, wengine ajali za kazini, na wote mwisho wanafikishwa kwenye hicho kiti cha dripu.

Yangu ilianza 2021, nilianguka kazini ghalani nikavunjika kifundo cha mkono wa kushoto. Mfupa uliunga vizuri kabisa, picha zote safi, ila maumivu hayakuondoka, yakaongezeka. Mkono ukawa unabadilika rangi, asubuhi zambarau na wa baridi, jioni mwekundu unang'aa kama umepakwa mafuta, kucha za mkono huo zikawa zinakua tofauti na za mwenzie, na ncha tu ya khanga ikinigusa napiga ukelele mpaka watoto wanakimbia. Ndo nikaambiwa ni CRPS, yani neva zimepata hitilafu baada ya jeraha, zinaendelea kupiga kengele wakati moto ushazimwa zamani. Nikanywa gabapentini, nikanywa amitriptilini, nikanywa duloksetini, nikanenepa, nikalala mchana, mkono uleule.

Kabla hatujaenda mbali ujue jambo moja: hapa Marekani FDA, yani mamlaka ya serikali inayopitisha dawa, haijaidhinisha ketamini wala lidokeini ya dripu kwa maumivu ya neva ya muda mrefu. Madaktari wanaruhusiwa kuzitumia kwa kazi hiyo na wanazitumia miaka mingi, sio uganga, ila ndo sababu bima zinasumbua na ndo sababu kila kliniki ina ratiba yake na dozi yake. Usishangae ukisikia mwenzako kafanyiwa tofauti na wewe.

Na dawa zenyewe sio ngeni kwetu kama tunavyodhani. Lidokeini ni ileile lignokeini ya nyumbani, ganzi ya kung'olea jino, ilitengenezwa Sweden 1943 na mkemia anaitwa Nils Löfgren. Ketamini ilitengenezwa Marekani 1962, ikaidhinishwa 1970 kama dawa ya usingizi, na tangu 1985 iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Hospitali zetu za wilaya zimepasulia watu kwa ketamini miaka na miaka mana haizimi pumzi kirahisi kama dawa nyingine za usingizi, hata pasipo na mashine kubwa kazi inaenda. Mama yangu Tanga nilivyomwambia nachomwa ketamini alinyamaza, afu akasema si ndo ile walompa mama yako mdogo akaamka anaongea na babu aliyekufa? Ndio mama, ndo hiyohiyo, ila dozi sio moja. Mtu wa kilo 70 akipasuliwa anaweza kupewa miligramu 70 mpaka 140 kwa mkupuo, ya maumivu inapita taratibu, kwenye ratiba moja inayojulikana sana ni kama miligramu 25 kwa saa nzima.

Zinavyofanya kazi

Hapa ndo wengi wanarukaga na mimi naona ndo pa kukaa, mana ukielewa hapa nusu ya uamuzi ushafanya.

Neva iliyoumia inarusha umeme wenyewe bila kuguswa. Umeme huo unapita kwa sababu kwenye ukuta wa neva kuna milango midogo ya sodiamu inayofunguka na kufunga. Lidokeini inaziba hiyo milango. Kwa kiasi kidogo kinachopita kwenye damu haikupi ganzi mwili mzima, inatuliza zile neva korofi zinazojirushia ovyo. Ndo mana inafikiriwa zaidi kwa maumivu ya shoti, ya kuchoma, ya sehemu inayojulikana, mkanda wa jeshi, miguu ya sukari, neva iliyokatwa kwenye upasuaji.

Ketamini inafanya kazi juu zaidi, kwenye uti wa mgongo na ubongo. Maumivu yakikaa muda mrefu uti wa mgongo unayazoea vibaya, unaanza kuyakuza, kitu kidogo kinapokelewa kama kikubwa, mguso wa nguo unasomeka kama kisu. Kuna vipokezi vinaitwa NMDA vinavyoshikilia huo ukuzaji na ketamini inavifunga. Kwahiyo ugonjwa ukishafika hatua ya kwamba maumivu yametoka sehemu yake yanapanda, mkono unafika bega, hata upepo wa feni unauma, ketamini ina sababu ya kutajwa.

Mwili wako unaruhusu ipi

Usianze kwa kuuliza ipi kali. Anza na moyo, ini na kichwa, mana mara nyingi hapo moja inajitoa yenyewe.

Lidokeini inagusa umeme wa moyo. Hiyohiyo inatumika hospitali kutuliza mapigo yaliyoharibika, kwahiyo ukiwa na tatizo la njia za umeme wa moyo, ukiwahi kuambiwa moyo unaruka mapigo au unaenda taratibu mno, au una kifafa kisichotulia, au uliwahi kupata aleji ya sindano za ganzi, hiyo sio yako mpaka daktari wa moyo aseme. Ini nalo ndo linaisafisha, ini bovu dawa inarundikana. Halafu kuna vidonge vinavyoipandisha kwenye damu, propranolo ya presha au ya kipandauso ni mmoja, simetidini ya vidonda vya tumbo ni mwingine. Wengi wanaiona simetidini ni dawa ya dukani tu, hawamtajii daktari kabisa. Itaje.

Ketamini yenyewe inapandisha presha na mapigo. Presha yako ikiwa haijatulia, au una moyo unaobana kifua, au uliwahi kupata kiharusi, sema mapema sana. Inapandisha na presha ya jicho, mwenye glakoma aseme. Ini lililochoka sana hapana, mimba hapana. Na hili naliandika wazi bila aibu mana kwetu tunalifichaga: kama wewe uliwahi kusikia sauti, au uliwahi kulazwa kwa ugonjwa wa akili wa kupotelewa na uhalisia, mwambie daktari hata kama mumeo yuko chumbani, muombe mumeo atoke kwanza. Ketamini inaweza kuliamsha lile. Na aliyewahi kupata shida ya ulevi au dawa za kulevya aseme pia, ni dawa inayoweza kuzoeleka.

Wifi yangu ana presha, inapanda mpaka 160 akiwa na mawazo, na yake ni mkanda wa jeshi wa mbavuni. Unaona sasa hapa tu mizani ishaanza kuelemea upande mmoja.

Siku yenyewe ilivyo, lidokeini kwanza

Ni fupi. Yangu ilikuwa saa moja, afu nikaangaliwa kama nusu saa nikaenda. Dozi za kawaida ni miligramu 3 mpaka 5 kwa kila kilo ya mwili, nyingi zinapitishwa kwa dakika 30 mpaka 60, unabandikwa waya za moyo kifuani na kidude cha kidoleni, nesi habanduki. Dakika kama ya kumi na tano midomo ikaanza kuwa mizito, ulimi ukapata ladha ya chuma, kama umetafuna tambuu yenye chokaa nyingi afu ukalamba sarafu. Masikio yakaanza kuvuma kwa mbali. Nikamwambia nesi, akapunguza kasi ya dripu, ikatulia.

Hilo ndo jambo la kushika kwenye lidokeini: dalili zinakuja kwa ngazi. Midomo kufa ganzi, ladha ya chuma, masikio kuvuma, kizunguzungu, hapo ni kawaida ila unasema. Maneno yakianza kuteleza kama mlevi, macho yakiona viwiliviwili, misuli ikichezacheza, unasema kwa nguvu na dripu inasimamishwa, mana ngazi inayofuata ni degedege na moyo. Sisi tumefundishwa kuvumilia, mgonjwa mwema ni anayenyamaza. Kwenye kiti hiki kunyamaza ni hatari, semeni jamani. Na siku ya kwanza uliza kama chumbani wana ile dripu ya mafuta, nyeupe kama maziwa, ndo inayotumika kuinasa lidokeini ikizidi mwilini. Mimi nilimuuliza nesi akafungua kabati akanionyesha mfuko wenyewe, asilimia 20 imeandikwa ubavuni, nikakaa kwenye kiti moyo umetulia. Kliniki isiyoweza kukuonyesha hiyo ondoka.

Akili yako unabaki nayo. Nilikuwa naongea, nimelegea kidogo tu kama mtu aliyetoka kuamka.

Na ketamini

Hii ni safari nyingine. Ratiba ziko nyingi. Kundi moja la Philadelphia walitoa utafiti wao 2009, wagonjwa 19 wa CRPS, masaa manne kwa siku, siku kumi za kwenda na kurudi nyumbani. Uholanzi mwaka huohuo wa 2009 wakafanya kwa wagonjwa 60, wao waliwalaza, dripu ikapita mchana na usiku zaidi ya siku nne. Mimi nilipewa masaa manne kwa siku, siku tano, Jumatatu mpaka Ijumaa.

Mwanzoni hakuna kitu. Afu nikaona dari imesogea mbali, miguu yangu nikaijua iko pale lakini kama ya mtu mwingine. Sauti ya mashine ikawa inatoka chumba cha pili. Nilimuona bibi yangu anachambua mchele uani, namuona kabisa na ungo wake, na nilijua kwamba niko Ohio kwenye kiti, vyote viwili kwa pamoja. Siku ya kwanza haikunitisha. Siku ya pili ilinitisha sana, nilidhani nimekufa na watu wananiosha, nikalia, nesi akanishika mkono wa kulia akaniita jina langu, wakaniongezea dawa ya kutuliza na wakapunguza kasi. Ikapita ndani ya dakika chache, ila zile dakika zilikuwa ndefu.

Nilikuja kugundua siku ya pili niliingia na hasira, nilikuwa nimegombana na mtu wa bima kwenye simu nikiwa bado naegesha, na hapo kliniki waliniweka chumba cha karibu na mlango, watu wanapita wanacheka. Siku ya tatu nikaomba chumba cha mwisho, taa hafifu, nikafunika macho na mtandio, nikaweka kisomo cha Surat Yasin kwa sauti ndogo masikioni, na mambo yakawa tofauti kabisa. Mwingine ataweka kwaya, mwingine mawimbi ya bahari, ila usiweke habari, usiweke tamthilia ya watu wanaogombana, na simu mpe mtu.

Madhara mengine ni kichefuchefu, kuna dawa wanakupa kabla usitapike, presha kupanda, kuona ukungu, na kichwa kizito mpaka jioni. Ukirudia mara nyingi kuna ini na kibofu vya kuangalia, mkojo ukianza kuwaka au kukubana kila dakika sema usisubiri. Na dripu ya mafuta hapa haina kazi, ketamini ikikuzidi wanapunguza, wanakutuliza, wanasubiri itoke, haichukui muda mrefu.

Wengi saivi wanaogopa kwa sababu ya yule muigizaji Matthew Perry aliyefariki Oktoba 2023. Ni kweli ketamini ilikutwa mwilini mwake, lakini kwa kiwango cha mtu aliyelazwa usingizi wa kupasuliwa, akiwa peke yake kwenye bwawa la maji ya moto, na waliompima walisema haikuwa ya dripu yake ya kliniki mana ile ilikuwa imepita zaidi ya wiki. Mtu na waya za moyo, oksijeni pembeni na nesi anayemuangalia ni habari nyingine. Kwahiyo lenye kuogopwa ni kuitumia mwenyewe nyumbani bila mtu wa kukuangalia. Hilo ogopeni kweli.

Nafuu inakaa muda gani

Hapa naomba tuambiane ukweli kwa sababu matangazo ya kliniki hayasemi. Hakuna kati ya hizi inayoponya.

Lidokeini, Denmark 1987 waliwapa watu 15 wenye maumivu ya neva ya sukari, miligramu 5 kwa kilo, nusu saa, nafuu ikakaa kati ya siku 3 na siku 21. Korea Kusini wakaja 2018 na dripu nne za kila wiki, watu wa mkanda wa jeshi na wa CRPS, wakapata nafuu kipindi cha dripu, wiki nne baada ya kumaliza ikawa haipo. Yangu ilikaa siku sita mara ya kwanza, siku tisa mara ya pili, mara ya tatu sikuona tofauti.

Ketamini ile ya Uholanzi, nafuu ilikuwa kubwa zaidi wiki ya kwanza ikapungua pungua mpaka wiki ya 12 wale waliopewa dawa na wale waliopewa maji matupu hawakutofautiana tena. Miongozo ya vyama vya madaktari wa usingizi na maumivu Marekani ya 2018 nayo inasema kitu kilekile kwa CRPS, mpaka wiki 12. Na kuna sentensi kwenye huo utafiti wa Uholanzi ambayo ningetamani niambiwe mapema: maumivu yalipungua lakini matumizi ya mkono au mguu hayakuongezeka. Yani dripu peke yake haikurudishi jikoni.

Mimi ketamini ilinikaa wiki saba, na wiki mbili za mwanzo nilizipoteza. Nilikuwa nimefurahi tu, nalala, nakaa, nauangalia mkono haujabadilika rangi namshukuru Mungu, sikuenda fiziotherapi kwa sababu nilidhani nipumzike. Kumbe zile ndo wiki za kuushika mkono, kuuchovya kwenye mchele mkavu, kuusugua na taulo, mazoezi ya kioo (unauchezesha mkono mzuri mbele ya kioo, ubongo unaona kama ni ule mgonjwa), kukunja na kukunjua vidole. Najutia sana hizo wiki mbili. Weka miadi ya fiziotherapi KABLA ya dripu, iwe siku ya pili au ya tatu baada ya kumaliza, ketamini au lidokeini ni hivohivo.

Hela, kazi na nyumba

Lidokeini bima yangu ililipa sehemu baada ya barua mbili. Ketamini walikataa kata kata, nililipa mwenyewe dola 650 kwa kikao, mara tano piga hesabu, hela ya kiwanja Tanga hiyo. Uliza bei ya kikao kizima, sio ya dawa, dawa yenyewe ni rahisi, hela iko kwenye kiti, nesi na mashine. Kuna kliniki moja walinitajia bei moja kwa simu nikafika nikakuta kuna malipo ya daktari pembeni na ya ile dawa ya kichefuchefu pembeni. Omba waandike.

Kazini lidokeini inakula siku moja. Ketamini inakula wiki nzima, huendeshi gari mpaka kesho yake, husaini karatasi, hupiki kwenye moto, hukai peke yako na mtoto mchanga. Kaka yangu, mume wa wifi, anaendesha malori, yuko barabarani siku nne tano. Nani atampeleka na kumrudisha siku tano mfululizo, nani atawapokea watoto shule? Hilo swali daktari hakuuliza na kwangu lina uzito sawa na la presha. Ketamini bila mtu wa kukaa na wewe jioni usiifanye, subiri mpaka mdogo wako apate likizo.

Kujiandaa

Anza na daftari, wiki mbili kabla, zote mbili hii ni lazima. Asubuhi na jioni andika namba kutoka 0 hadi 10, umelala masaa mangapi, na kitu kimoja ulichoshindwa kufanya siku hiyo. Chagua kitu kimoja kidogo cha kupimia, changu kilikuwa kufunga vifungo vya shati la shule la mwanangu. Siku ya tatu baada ya ketamini nilivifunga sita, nikahesabu, nikakaa kitandani nikalia. Bila daftari daktari atakuuliza umepata nafuu asilimia ngapi utabaki unakisia, na bima wanataka namba.

Vipimo, kipimo cha moyo cha waya kwa zote mbili, ini kwa zote mbili, mimba kwa mwanamke anayeweza kushika. Pima presha nyumbani wiki nzima kabla ya ketamini uwapelekee.

Dawa zako zote zitie kwenye mfuko mmoja nenda nazo, na majani pia, mlonge, mwarobaini, unga wa kutoka nyumbani, usiache. Gabapentini na vya presha usivikate mwenyewe kwa kudhani unasafisha mwili, gabapentini ikikatwa ghafla inaleta balaa lake. Uliza kipi unywe asubuhi ile na kipi uruke.

Chakula, kwa ketamini wengi wanataka tumbo tupu, chakula kizito unakiacha masaa sita mpaka nane kabla, maji matupu unaruhusiwa mpaka yabaki masaa mawili, fuata ya kliniki yako. Lidokeini wengine wanaruhusu kifungua kinywa chepesi. Kama ni Ramadhani msiunganishe, omba tarehe baada ya Idi, kanyula, ile sindano ya dripu inayobaki kwenye mshipa, kwenye mwili uliokauka maji inakuwa vita, walinichoma mara nne siku moja hivyo. Kunywa maji ya kutosha siku moja kabla, na nenda na soksi na shuka la kujifunika, mwili wa baridi mishipa inajificha.

Mwenye CRPS ya mkono: kanyula na mkanda wa kupimia presha viende mkono MZIMA, yani ule usioumwa. Waambie unapofika, waambie tena wakibadilishana zamu. Mimi niliandika kwenye plasta nikabandika juu ya sleeve ya kushoto, usiguse, mana ukiwa kwenye ketamini huwezi kujitetea.

Na nguo, dera au shati pana lisilobana kifuani kwa ajili ya waya. Pete na bangili ziache nyumbani.

Ningechagua vipi

Maumivu ya sehemu moja, mkanda wa jeshi, sukari, neva ya upasuaji, moyo wako umepimwa uko sawa, hujawahi dripu yoyote: lidokeini kwanza, bila kusita. Ni fupi, bei ndogo, akili unabaki nayo, na ndani ya siku chache unajua kama inakufaa au haikufai. Wakikwambia lazima ununue vikao sita kwa mpigo kataa, lipia kimoja, rudi na daftari.

CRPS iliyopanda, lidokeini umeijaribu imekataa, presha imetulia, kichwani huna historia ya kupotea, una mtu wa wiki nzima na fiziotherapi imeshapangwa: hapo ketamini ina maana na mimi ningeirudia. Kimoja kikikosekana hapo ningesubiri. Na mwenye moyo wa umeme mbovu na presha mbovu kwa pamoja asilazimishe yoyote, kuna njia nyingine, plasta za ganzi za kubandika, sindano za kuzuia neva, amuulize daktari wake hizo.

Wifi kachagua lidokeini. Miadi ni Jumanne ya wiki mbili zijazo saa mbili asubuhi, kaka kaomba siku mbili nyumbani, fiziotherapi ni Alhamisi. Daftari kaanza juzi, kwenye kitu cha kupimia kaandika kuvaa sidiria.